Tanbihi ya Kumi na Nne

Kilimani, chumba cha kusomea nyaraka,
kalamu ya wino unaiacha mlangoni
pamoja na mkoba, chupa ya maji na haraka zako.
Unaingia na penseli,
na swali la Mwalimu Mcha, maneno elfu mbili na mia tano:
kazi na malipo katika mashamba ya karafuu, Pemba.
Ijumaa, kabla ya saa sita.

Faili lilikuja limefungwa kigwe.
Ndani, madaftari mawili ya shamba moja la Mtambwe,
msimu mmoja, karani mmoja,
Kiswahili kilichovaa herufi za Kiarabu.
Wenzangu wawili walifungua, wakafunga,
wakaenda kutafuta vitabu vyenye faharasa.
Mimi nikakumbuka mkeka wa chuoni,
bakora ya Maalim Ngwali ikinyapia kila irabu,
nikasogeza kiti.

Karani hakuwa na herufi ya *pa*.
Kila pishi kaiandika bishi.
Bishi sita. Bishi nne. Bishi saba na vibaba vitatu.
Nilicheka peke yangu, mhudumu akanitazama.

Siku ya tatu sikucheka.
Daftari la jioni, la kupimia, linasema saba na vitatu.
Daftari la Alhamisi, la kulipia, linasema saba.
Nikarudi nyuma ukurasa, nikaenda mbele,
nikamfuata mtu mmoja kwa ncha ya penseli:
mim, kaf, sin.
Nilimsoma Makasi, nikamsoma Mikosi,
mpaka akakubali kuwa Mkasi,
Mkasi binti Shaame,
na aliyekatwa ni yeye.

Siku ishirini na mbili za kuchuma.
Vibaba arubaini na vinne havikuvuka
kutoka daftari hili kwenda lile.
Pishi kumi na moja.
Zimeishia wapi, karatasi haisemi.
Mwandiko mzuri, safu zimenyooka,
hakufuta hata mara moja.

Usiku nikampigia mama, Wete.
"Mlipokuwa mkichuma, kibaba kilichozidi kilihesabiwa?"
Nasikia mfuniko wa sufuria.
"Ushakula?"
Nimekula.
"Pishi ya kupimia haijai, mwanangu.
Ya kulipia ndiyo hujaa upesi."
Akaniuliza kama chumbani kuna mbu.

Rasimu ya kwanza ilianza na *Tangu zama za kale*.
Nikaifuta.
Ya pili ilianza na Sultani,
akajaza ukurasa mzima na watu wake, nikamfuta naye.
Ya tatu ilianza na kibaba.
Mwalimu Mcha akaipitia kwa wino mwekundu:
*Hoja iko wapi? Punguza. Chanzo?*
Na pembeni mwa maneno ya mama,
niliyoyaandika "mazungumzo kwa simu, saa tatu usiku":
*Shahidi huyu hana maslahi?*

Anayo. Ada ya muhula huu.
Karani naye alikuwa nayo, lakini yeye
hakuna aliyemwekea alama ya kuuliza.
Hilo sikuliandika. Nilipunguza.

Ijumaa, Mwanakwerekwe, umeme umerudi saa nne na nusu,
mashine ya Pandu inatema kurasa, shilingi mia mia.
Ukurasa wa saba umekatwa chini.
Tanbihi ya kumi na nne inaishia *Mkasi binti*,
baba yake na haki yake vimebaki ndani ya mashine.
"Mstari mmoja tu huo," akasema Pandu,
"nani anasoma huko chini?"
Nyuma yangu foleni, watu na flashi zao mkononi.
Saa tano na dakika kumi.

Nikaazima kalamu yake, ya wino.
Nikainama juu ya kaunta, nikaandika:
*Shaame. Vibaba 44, havikulipwa.*
Na kwa kuwa nafasi ilibaki,
nikageuza mkono, kulia kwenda kushoto,
kwa herufi za karani,
kwa *ba*, kama alivyozoea mwenyewe:
bishi kumi na moja.